Mitihani Mitano ya Yaya Aziza

Goma, Majengo
4 Agosti 2023

Yaya Aziza,

Mama anakohoa lakini bado anagombana na majirani, kwa hiyo ujue ni mzima. Sijambo yangu mimi ni ya mdomoni tu.

Chuo chenu cha Kampala kimenijibu. Wamekubali nifanye mtihani wa kuingia master, shahada ya pili, kwa mara ya tatu, na wameandika wazi kwamba hakuna mara ya nne. Watatukusanya Kigali mwishoni mwa Oktoba. Na hapa Institut, chuo ninachofundisha, mkurugenzi ametuita sisi wasaidizi wa walimu ofisini kwake. Amesema mwaka ukiisha, ambaye hana master au barua ya kupokelewa master asirudi kufundisha. Miaka yote hii nimefundisha biolojia pale nikiitwa msaidizi wa muda. Nikianguka safari hii, Kampala wananifungia mlango na Goma wananifungia mlango. Nitafanya nini, Yaya, dada yangu? Mama anasema hata mandazi sitaweza kuuza, nitayala kabla hayajafika barabarani.

Nakuomba mitihani ya mazoezi. Mingi. Kuna papa mmoja, mzee wa fotokopi karibu na Institut anauza kitabu kinene kama tofali, maswali elfu mbili na majibu yake nyuma. Nimeshakichukua, na nataka vingine. Tulipojiandaa kwa Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, si tulibeba item, maswali ya miaka yote, kichwani, na siku ya mtihani tukazikuta nyingine zimekaa palepale zikitusubiri? Nitafanya hivyo hivyo. Nitameza kila kitu.

Usitume kwa simu. Kioo cha yangu kimepasuka na mtandao unakuja na kuondoka. Mama Alima wa vitenge anakuja Kampala karibu kila wiki, amekubali kubeba karatasi.

Usichelewe, nakuomba.

Mdogo wako,
Shakila


Kampala
13 Agosti 2023

Mdogo wangu Shakila,

Barua yako imefika inanukia vitenge vipya. Mwambie mama aache majirani wapumzike.

Kitabu cha papa wa fotokopi nakijua, hata hapa kinauzwa. Nilifungua ukurasa wa kwanza wa majibu nikakuta jibu la swali la tatu limekosewa. Maswali yake ni mepesi. Yatakufurahisha Goma na kukuliza Kigali. Mpe mama awashie makala ya jiko.

Sikiliza vizuri. Huu si Exetat. Hakuna swali litakalorudi, hata moja. Chuo chenyewe kimetoa mitihani mitano tu, ile iliyokwisha kutumika zamani, na ndiyo pekee inayofanana na utakaoukuta. Nakutumia yote mitano. Wa sita haupo, usiniulize. Kila mmoja una sehemu tatu: kusoma, hesabu na hoja. Ukishaufanya mtihani umekwisha kazi yake, kwa sababu ukiurudia utakuwa unapima kumbukumbu yako. Hii ni mbegu, Shakila, usiile. Fanya mmoja, pumzika wiki, fanya mwingine. Weka saa mezani. Usisimame kwenda kunywa chai. Usifungue majibu mpaka sehemu zote tatu zimalizike. Wa tano uache mpaka safari ya Kigali ikaribie. Kisha nitumie alama pamoja na karatasi za kukokotolea, nataka kuona mahali unapojikwaa. Sabini ndiyo alama ya kupita.

Na jingine: usigawe. Nafasi za watu wa kwetu ni chache, na wewe ndiye huna mara ya nne. Utaniita mchoyo, niite.

Shemeji yako Assumani anakusalimu. Anasema Januari anataka kukuona hapa na sanduku.

Aziza


Goma, Majengo
1 Septemba 2023

Yaya,

Kaa chini kwanza. Mtihani wa kwanza: themanini na nne. Wa pili: themanini na nane.

Mwaka jana Kigali nilipata hamsini na nane, na unakumbuka ni hesabu iliyoninyonga. Sasa hesabu ya mtihani wa pili imekosewa swali moja tu. Nimefuata kila ulichosema. Saa iko mezani, chai hainyweki, na majibu nimeyafunga kwenye sanduku la mama ambaye anayalinda kuliko dhahabu yake. Nilipojumlisha alama mama alipiga vigelegele mpaka Papa Nuhu wa duka la mbele akaja kuuliza tunamwoza nani.

Sijalala vizuri hivi tangu mkurugenzi atuite. Nakutumia karatasi za kukokotolea zote. Wiki hii naingia wa tatu.

Shakila wako


Kampala
9 Septemba 2023

Shakila,

Nimezitandaza karatasi zako juu ya kitanda na nimeziangalia muda mrefu.

Mwandiko wa hesabu si wako. Namba zimesimama wima kama askari, na zako tangu utotoni zinalala ubavu. Tena kuna asilimia zimekokotolewa kwa njia ambayo hata mimi sikuijua. Wewe uliyekuwa unalia ukiona asilimia!

Nauliza mara moja. Nani anakufanyia? Au unanakili kutoka kwenye majibu halafu unampa mtu aandike vizuri? Kama unataka kunidanganya mimi, sawa, mimi ni ndugu yako na nitakusamehe. Kigali hakuna ndugu.

Aziza


Goma, Majengo
18 Septemba 2023

Yaya Aziza,

Umenitukana na nimelia. Sasa nimemaliza, nakujibu.

Sijafungua majibu hata mara moja. Nilikuficha jambo moja tu, kwa sababu ulisema nisigawe. Hatuko mmoja, tuko watatu. Kuna Kasoki, anayefundisha Kifaransa hapa lise, shule ya sekondari, ametoka Butembo. Na kuna Sebahire, aliyekuwa mwalimu wa hesabu mjini Kiwanja mpaka vita vikamfukuza. Sasa yuko kambini Kanyaruchinya na mama yake, chini ya hema. Wote wawili watafanya mtihani huu huu, kwa mara ya kwanza. Jioni wanakuja kwetu kwa sababu tuna taa na meza. Sebahire anatoka kule kwa miguu, na anafika kabla ya Kasoki anayekaa mtaa wa pili.

Ningewafukuza vipi? Ningesoma peke yangu kama mchawi? Kidole kimoja hakivunji chawa, na huo msemo ni wewe uliyenifundisha.

Kila mmoja anachukua anachokijua. Sebahire hesabu, Kasoki hoja, mimi kusoma, kwa sababu Kiingereza changu ndicho kinachotembea. Saa inakaa katikati ya meza, kila mtu anainamia sehemu yake na hakuna anayesimama. Tukimaliza tunafungua majibu na kujumlisha. Sehemu za wenzangu mimi sizigusi. Za nini, wakati wenyewe wanazijua? Jana tumemaliza wa nne: tisini na moja. Sebahire alicheka mpaka akatoa machozi, na mtu yule hacheki ovyo.

Sasa uniambie nimekosa wapi.

Shakila


Kampala
24 Septemba 2023

Mdogo wangu,

Nilipofika penye saa katikati ya meza nilicheka, kisha sikucheka tena.

Tisini na moja ni ya nani? Si yako, si ya Kasoki, si ya Sebahire. Mmeshona mtu mmoja kutoka kwa watu watatu, na huyo mtu hatapewa kiti Kigali. Kila mmoja wenu ataketi mbele ya mashine yake ya kompyuta na sehemu zote tatu.

Najua mlikotoa desturi hii. Na mimi nimesoma Goma. Kazi ya kikundi, majina kumi juu ya karatasi moja, alama moja kwa wote, na tulipata diploma hivyo. Nilikuandikia kila sharti nikasahau kuandika "peke yako". Nilidhani halihitaji kuandikwa. Ningeliandika, mitihani minne isingepotea.

Umebaki wa tano. Fanya sasa hivi, usingoje tena. Fanya wewe, sehemu zote, na mlango ufungwe. Chochote utakachopata, niandikie hivyo hivyo kilivyo.

Aziza


Goma, Majengo
30 Septemba 2023

Yaya,

Hamsini na sita.

Nimerudi nyuma kuliko mwaka jana. Kusoma nimefanya vizuri. Hoja nusu nusu. Hesabu sikufika hata katikati. Saa ilipolia nilikuwa bado nasoma swali la treni mbili, sijui inayotoka wapi wala inayokwenda wapi, na hata treni yenyewe sijawahi kupanda.

Mwezi mzima nimefurahia alama za mtu mwingine. Nimekwenda sokoni nikichekelea, nimemwambia mkurugenzi asitafute wa kunirithi. Na sasa mitihani imekwisha yote mitano. Nitafute mtihani mwingine, Yaya. Muulize profesa wako, muulize mtu wa ofisini, iba. Kama haupo basi niambie nisiende Kigali nikajiaibishe, kwa sababu nikikaa mezani nasoma mstari mmoja mara tano, na mama anabisha mlango nami simfungulii. Nimeogopa. Sijawahi kuogopa hivi hata usiku mlima wa moto ulipolipuka.

Shakila


Kampala
5 Oktoba 2023

Shakila,

Jikaze, nisome.

Wa sita haupo, na mimi siibi. Lakini rudia uliyoniandikia mwenyewe: sehemu za wenzako hukuzigusa. Basi hesabu za mitihani minne hujaziona. Hoja zake nne hujaziona. Umeharibu kusoma tu. Kilichowapoteza kimekuachia akiba. Una majaribio manne safi ya kitu kile kile kinachokunyonga.

Anza leo. Sehemu moja ya hesabu, peke yako, kwa saa. Zile ulizokosa ukae nazo kesho yake mpaka uzielewe. Kisha hoja. Kisha hesabu tena.

Sasa jambo la pili, na utalifanya hata kama hulipendi. Usiwaambie wenzako. Karatasi ziko kwako, zibaki kwako. Mmoja wao akiketi nawe, utamwachia hesabu tena, nakujua. Tena nafasi ni chache. Wao ni mara yao ya kwanza, wana mwaka ujao na mwaka mwingine. Wewe huna. Mwambie mama awaambie unaumwa. Malaria haidaiwi cheti.

Najua ni vibaya. Nakuogopea wewe kuliko ninavyowaogopea watoto wa watu.

Aziza


Goma
11 Oktoba 2023

Kwa Yaya Aziza, kwa heshima,

Hunijui. Ninaitwa Kasoki, ninasoma pamoja na mdogo wako Shakila. Mama Alima amekubali nichomeke barua yangu kwenye vitenge vyake, Mungu ambariki.

Ninaandika kwa sababu Shakila ni mgonjwa na hatumwoni. Tulikwenda tukaambiwa ni malaria. Tulirudi tukaambiwa imechanganyika na tifoidi. Mama anatujibu getini, machungwa yetu hakupokea, anasema mgonjwa asisumbuliwe. Kama kuna dawa nzuri huko Kampala, tafadhali mtume mapema, siku zimekaribia.

Sisi tunaendelea kwenye ukumbi wa parokia mpaka mlinzi anapotaka kufunga. Karatasi zote ziko kwa Shakila, basi Sebahire ametunga maswali ya hesabu yeye mwenyewe. Ameyatunga kwa ajili ya Shakila, yale yanayomsumbua, asilimia na mwendo, ili akipona asijikute nyuma. Amekaa nayo siku tatu. Nimeyaweka humu, labda kutoka kwako mama atayapokea.

Mimi hesabu sijaigusa, lakini sina hofu. Sebahire atanieleza tukiwa ndani ya basi la Kigali, nami nitamweleza hoja. Kiingereza chake ndicho kinachochechemea, ila Shakila alimwahidi kumwonyesha, na tunajua akipona atatimiza. Tulikubaliana tutaingia watatu na kutoka watatu.

Niambie ukweli, Yaya. Ni mgonjwa sana? Au kuna mahali tumemkosea?

Ninakusalimu na familia yako yote,
Kasoki


Kampala
14 Oktoba 2023

Mdogo wangu,

Soma kwanza barua ya Kasoki, nimeiweka humu pamoja na maswali ya Sebahire. Utaona namba zake zilivyosimama.

Mimi sitamjibu Kasoki. Nimemwandikia mara mbili na nimechana mara mbili. Nitamwambia nini? Anamwombea dawa mtu ambaye ni mimi niliyemwambia augue.

Sikwambii uende kwao. Nikikutuma ukaanguka, utakuwa umeanguka kwa neno langu, na sitaweza kukutazama. Sikwambii ubaki. Wameamini kwamba watajifunza hesabu ndani ya basi, Shakila. Watu wazima, walimu. Hawajui, kama wewe ulivyokuwa hujui mwezi uliopita.

Hesabu zako za peke yako zimefika wapi? Andika hata mstari mmoja.

Aziza


Goma, Majengo
19 Oktoba 2023

Yaya,

Nakujibu kwa mpangilio.

Hesabu na hoja nilizofanya peke yangu, nikiunganisha na kusoma kwangu, zilinifikisha sitini na sita, kisha sabini na mbili. Sabini na mbili, mimi mwenyewe, mlango umefungwa. Nilipata hiyo asubuhi ile ile Mama Alima aliponiletea bahasha yako.

Nilisoma barua ya Kasoki nikiwa nimesimama. Nikamwambia mama nakwenda Kanyaruchinya. Akasema, "Mwenye tifoidi haende Kanyaruchinya." Nikapanda pikipiki.

Sebahire alikuwa nje ya hema anafunga kamba ya turubai. Aliponiona alifurahi, Yaya, hilo ndilo lililonimaliza. "Shakila, ulishapona?" Nikamwambia, "Sikukuwa mugonjwa." Nikamweleza yote, alama zetu za uongo, hamsini na sita yangu, sehemu safi, jinsi nilivyozificha. Jina lako sikulitaja. Alimaliza fundo la kamba. Kisha akasema, "Leta ile ya kusoma. Na weka saa."

Aligeuza bidoni la maji akaketi juu yake, watoto wanapiga kelele huku na huku, mama yake anapepeta maharage pembeni, akafanya sehemu nzima ya kusoma bila kuinua kichwa. Tulisahihisha pamoja. Alipata chini ya theluthi moja. Akazitazama alama zake kama mtu anayetazama nyumba yake ilivyobomoka. "Njo hii alama nilikuwa nataka kupeleka Kigali?" Akanirudishia karatasi. Akasema, "Hatuna siku mingi. Nionyeshe."

Sasa anakuja kila jioni. Namsomesha kusoma, tunachukua zile sehemu zote nne, moja moja. Kwake ni mpya. Kwangu zimekwisha, nazijua hadi nukta. Yeye naye ananisahihishia hesabu, na nadhani nimeelewa treni zile sasa.

Kasoki nilimfuata kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Weye ulituona tunazama, ukafunga mulango." Akachukua nakala nilizompelekea na akaingia ndani. Anafanya peke yake. Hanisalimu, na haki ni yake.

Usinisifu. Wiki hii nimeogopa kuliko wiki ya hamsini na sita, kwa sababu sasa ninacho cha kupoteza. Jioni zangu zote zimekwenda kwa Sebahire. Kusoma kwangu mwenyewe sijakugusa, na hakuna karatasi safi ya kukupima. Ninajiambia mazoezi ya kusoma siyahitaji, kusoma ndiko nilikokuwa najivunia.

Tunakwenda Ijumaa ijayo. Niombee.

Shakila


Kampala
25 Novemba 2023

Shakila,

Huu ni mwezi mzima. Mama Alima anasema humpi kitu, unamwambia bado tu. Ninajua matokeo yametoka, nimewaona watu hapa chuoni wakipigiana simu. Mama nikimpigia anasema uko shuleni, na muda huo hakuna shule.

Sikuulizi alama. Niandikie kwamba unakula.

Aziza


Goma, Majengo
4 Januari 2024

Yaya Aziza,

Ninakula.

Sitini na tisa. Hesabu nilifanya vizuri kuliko nilivyowahi kufanya maishani. Nilimaliza, Yaya, nilimaliza na muda ukabaki. Kusoma ndiko kulikoniangusha. Vile vifungu vilikuwa virefu, na mimi nilizoea kwenda polepole na Sebahire, neno kwa neno, nikimngoja afike. Nilikwenda hivyo hivyo mbele ya mashine. Kifungu cha mwisho sikukifungua hata. Nilikiona tu kwenye kioo, kilihusu wadudu wa mahindi, biolojia tupu, ningekijibu usingizini. Muda ukaisha.

Kasoki hakupita, lakini anajua sasa anarudi na nini mwaka ujao. Sebahire amepata sabini na tatu.

Institut nimerudisha ufunguo wa maabara. Mkurugenzi alinipa mkono, akasema milango ya Mungu ni mingi. Kila mtu hapa ananiambia Mungu ameona nilichofanya. Mimi nilitaka chuo kione. Mama pia ameanza maneno hayo, na nikimsikia natoka nje.

Nawe usiniambie nilifanya vizuri. Nilikuwa na sabini na mbili mkononi, mlango umefungwa. Ningebaki ndani ningepita, nalijua hilo, na sitaki unibishie. Kuna siku namwona Sebahire anapita barabarani na faili lake jipya, na moyo wangu unamchukia mpaka naona haya. Kisha anaingia, anamsalimu mama, anakaa kwenye kiti chake kile kile, nami namwambia karibu chai. Alitaka kunishukuru akashindwa. Nilimwambia asijaribu tena.

Nakuandikia kwa sababu ya jambo moja. Sebahire anafika kwenu Jumanne kwa basi la asubuhi. Mama yake amebaki kambini, nami nitakwenda kumtazama. Hajawahi kufika mji ambao hana mtu. Mwambie shemeji Assumani awe kituoni kabla hajashuka, watu wa pikipiki wasije wakamzungusha. Chumba mlichonitengea mpeni yeye mpaka apate chake. Mtu yule haombi kitu, kwa hiyo msimuulize kama amekula, mwekeeni sahani tu. Darasani mwambie akae mbele, Kiingereza cha maprofesa kitamkimbia mwezi wa kwanza, na kama atakuletea kurasa za kusoma, keti naye mpaka zimwingie. Usimharakishe.

Mimi usiniandikie kwanza.

Shakila